Sare ya Binti Yetu

Mtatuwia radhi wiki hii tukileta habari ya nyumbani kwetu. Tunajua ziko nyumba nyingi katika mwambao huu zenye binti aliyesomea uuguzi, na lililotufika sisi huenda likawafika nao.

Binti yetu alipata kazi katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Nakuru. Kabla hajaanza, alituletea kwa simu picha ya karatasi ya masharti ya mavazi. Wauguzi samawati, wakunga rangi ya damu ya mzee, wa chumba cha upasuaji kijani, wa usafi kijivu. Pete na bangili marufuku. Saa hubandikwa kifuani. Hayo hayakutushughulisha. Yaliyotukaa rohoni ni mawili: kichwani kusiwe na kitambaa kinachoning'inia, na mikono ya nguo iishie juu ya kiwiko.

Tuliudhika, tena sana, tukamwambia arudi Mombasa. Akatujibu kwa adabu kwamba kazi haziokotwi. Wengi wenu mtakumbuka kesi ya shule ya Isiolo: Mahakama ya Rufaa iliruhusu hijabu mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Hamu ya mawakili hatukuwa nayo. Mamake mdogo, ambaye ni fundi cherehani, alishona sare tatu za samawati zenye mikono mirefu, nasi wawili tukapanda treni hadi Nairobi, kisha matatu ya Bonde la Ufa, ili tukaonane na matroni, wanawake kwa wanawake.

Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na baridi yake ya alfajiri haiwajui watu wa pwani. Usiku wa pili mamake mdogo alishikwa na pumu, tukamkimbiza hospitali ile ile.

Saa nane za usiku alipita kijana nadhifu mwenye sare. Tulimsimamisha, tukamweleza dawa alizomeza mgonjwa wetu na ile inayomdhuru. Alitusikiliza kwa huruma hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi ni wa kupiga deki." Alikuwa amevaa kijivu. Karatasi tulikuwa nayo kwenye simu, na rangi tulizozipuuza ndizo zilizoandikwa kwa ajili ya watu kama sisi, wenye hofu usiku wa manane, wasiojua nani ni nani.

Asubuhi mgeni wa kitanda jirani aliinama kumnywesha nduguye uji. Mkono wa koti lake ukaburura juu ya bandeji yenye usaha. Baadaye, kwa wema tu, akaja kumwekea mgonjwa wetu mto, na mkono ule ule ukampitia usoni. Tulikumbuka sare zetu tatu mkobani. Kisha binti yetu akaingia zamu, naye kabla ya kumgusa yeyote alinawa hadi viwikoni, kama atiaye udhu.

Matroni alitupokea kwa heshima. Alieleza kwamba mkono wa nguo hubeba vijidudu kitanda hadi kitanda, na humzuia muuguzi kunawa kifundo sawasawa. Nasi tukamweleza habari za Uingereza, ambako mwongozo wa mwaka 2010 uliwaruhusu wauguzi Waislamu kuvaa mikono ya kutupwa baada ya matumizi. Alicheka kidogo; hata glavu, alisema, kuna miezi huhesabiwa. Tukamtajia Rufaida al-Aslamiyya, ambaye katika hema lake msikitini Madina aliuguzwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Jina hilo hakuwa amelisikia, aliliandika.

Tukakubaliana hivi: ushungi mfupi wa kitambaa cha sare, ncha zake ndani ya kola, ubadilishwe kila zamu. Mikono iwe mirefu, yenye mpira, ya kupandishwa juu ya kiwiko afikapo kitandani pa mgonjwa na kuteremshwa aondokapo. Na apangiwe wodi ya wanawake kila inapowezekana.

Hapo kwenye "inapowezekana" ndipo penye mwiba. Ziko zamu za usiku ambapo muuguzi ni mmoja na mgonjwa ni mwanamume. Babake hajaridhika hadi leo, wala hatumlaumu. Yeye hakukesha kwenye kile kiti. Binti amewauliza wenye elimu ya dini, amepata majibu mawili, naye amebaki kazini. Tumeacha kumshinikiza, maana mbele ya Mola atakayeulizwa juu ya mikono ile ni yeye.

Sare tatu zilirudi nasi Mombasa. Mamake mdogo, kifua kilipotulia, alizifumua mikono, akaitia mpira, na mabaki ya kitambaa akayakata shungi sita. Kifurushi kiliondoka na basi la Ijumaa usiku.