Harusi ya Mwaka wa Kibali

Dada yangu aliolewa Tanga, mwezi wa Shaaban, mwaka 1984. Nikiutaja mwaka huo mbele ya watu wa rika langu, hawaniulizi bibi harusi alivaa nini. Wananiuliza sukari tuliipata wapi.

Wana haki ya kuuliza. Miaka ile nchi ilikuwa imebanwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Sukari, mchele, sabuni na mafuta ya kula viligawiwa kwenye maduka ya kaya, na balozi wa nyumba kumi alijua kila nyumba ina vinywa vingapi. Sabuni ikikosekana tulifulia majani ya mpapai. Mwaka 1983 ilikuwa imepita operesheni kali ya kuwasaka wahujumu uchumi na walanguzi, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, na tangu hapo mtu akikutwa na gunia la sukari ndani alitakiwa aeleze limetoka wapi. Sokoine mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, wakati kwetu tumeshaanza kuhesabu mahitaji. Kuandaa harusi ni kukusanya vitu vingi mahali pamoja, na wakati ule kukusanya vitu kulihitaji karatasi.

Posa ilikuwa imeletwa mapema. Mshenga alikuja na barua imefungwa ndani ya leso pamoja na fedha kidogo za kuifungulia. Baba aliipokea, akamkaribisha kahawa, wala hakusema ndiyo wala hapana, kwa sababu binti hajibiwi na mtu mmoja. Aliwaita ndugu zake, wakaulizia ukoo wa kijana na mwenendo wake. Alikuwa karani pale bandarini, mtu wa sala, anamtunza mama yake. Wakaridhika. Dada alipoulizwa mahari yake, alisema anataka msahafu na cherehani. Wazee walitazamana, maana cherehani mwaka ule ilikuwa adimu, lakini hakuna aliyembishia. Mahari ni haki ya mwenyewe, na dada alijua kushona. Bwana harusi aliitafuta hadi akaipata, imeshatumika lakini nzima, akaileta juu ya baiskeli imefungwa kwa kamba za katani.

Kwa baba, furaha kubwa zaidi ilikuwa mpaka. Sisi ni Wadigo, na Wadigo tumekaa pande zote mbili, kuanzia Kwale kule Kenya mpaka Tanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, na shangazi yetu aliyeolewa Mombasa akabaki upande wa pili. Katika miaka hiyo alifiwa na kaka yake mkubwa asiweze kuja kumzika. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Kwa hiyo harusi ya dada ilikuwa shughuli ya kwanza ya ukoo ambayo shangazi angeweza kuhudhuria kwa njia ya halali, na baba alisema wazi kwamba tarehe haipangwi mpaka shangazi apatiwe habari. Kwa mila yetu shangazi wa bibi harusi haji kama mgeni. Ana kauli katika kila jambo.

Alipita Horohoro na sanduku moja, akaingia kwetu Ngamiani jioni. Sisi wadogo tulimwamkia kama tunavyomwamkia mtu mzima yeyote tusiyemfahamu. "Marahaba, wanangu," akajibu, kisha akaanza kututazama mmoja mmoja usoni akitafuta nani anafanana na nani. Sanduku lilipofunguliwa, uani pakawa kimya. Mlikuwa na doti za kanga kutoka Biashara Street ya Mombasa, kisutu cha bibi harusi chekundu, cheusi na cheupe, chupa za marashi ya waridi, na udi. Mama alikigusa kisutu akakirudisha, akakigusa tena. Kanga za madukani kwetu zilikuwa zikigawiwa kwa zamu, na kisutu kipya kilikuwa hakijaonekana mtaani kwa miaka.

Shangazi ndiye aliyekata shauri la siku. Kulikuwa na waliotaka Jumapili, siku ya mapumziko. Lakini Jumapili magari binafsi yalikuwa marufuku barabarani kuanzia saa nane mchana, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, na nani angempeleka bibi harusi kwao mumewe? Ikawekwa Jumamosi alasiri, watu wakishatoka kazini.

Ikabaki sukari. Mama alikataa katakata kununua kwa mlango wa nyuma. Alitaka kila kilo iwe na karatasi yake, ili mwanawe asianze maisha kwa kitu cha kuficha. Balozi akaandika barua, barua ikapanda ofisi kwa ofisi, na kibali kikarudi na nusu ya tulichoomba. Mama alikisoma, akakikunja, akavaa buibui na kutoka. Hakwenda kulalamika. Alikwenda nyumba ya jirani wa kwanza kumweleza kwamba kibali kimetoka.

Hiyo ilikuwa njia ya kusema, na kila mwanamke wa mtaa aliielewa. Kesho yake vikombe vilianza kuingia. Huyu kikombe cha sukari, yule viwili, mwingine kibaba cha mchele au chupa ya mafuta. Jirani yetu Mbondei, Mwanglikana, mama wa watoto sita, alileta mgawo wake mzima wa sukari. Mama alipokataa kuupokea wote, alijibu kwamba watoto wake uji wa chumvi wanaujua. Mimi ndiye niliyeandika, kwenye daftari la shule: jina na kiasi. Hakuna safu ya tarehe ya kulipa, kwa sababu deni lile halikuwa na tarehe. Lililipwa mwenzio alipopata shughuli au msiba, na aliyelipa alizidisha kidogo.

Mchele ulikuja kutoka Mombo, kwa mjomba aliyekuwa na shamba kwenye skimu ya umwagiliaji. Aliuleta kidogo kidogo kwa treni, kwa sababu kusafirisha nafaka nyingi nako kulikuwa na masharti. Nazi zilitoka Pangani. Iliki ilishuka kutoka milima ya Amani, mbichi kiasi cha kunukisha chumba kizima. Karibu kila kitu kilimaliza safari yake juu ya baiskeli, maana Tanga ni mji wa baiskeli, na vijana wa mtaa waligawana njia: huyu stesheni, yule sokoni Mgandini, mwingine Deep Sea kwa wavuvi.

Siku ninayoikumbuka kwa ukamilifu ni siku ya kuchagua mchele. Mikeka ilitandikwa uani baada ya chai, nyungo zikagawiwa, wanawake wakakaa miguu wameinyoosha. Mchele wa Mombo ulikuwa mzuri lakini ulikuwa na chuya na vijiwe. Bibi yangu alinikalisha ubavuni pake. Alikuwa akimimina gao moja la mchele kwenye ukingo wa ungo, akilitandaza kwa upande wa kiganja mpaka punje zikae safu moja, kisha anazivuta kwake chache chache kwa kidole cha shahada. Chuya alizirusha nyuma kwa kuku. Kijiwe alikitia kwenye bakuli la bati lililokuwa katikati yetu. Alitaka kisikike kikianguka. Kila kijiwe kilicholia kwenye bakuli kilikuwa jino la mgeni lililookolewa, na bibi akisikia kimya kirefu upande wa wasichana alikuja kuuchambua upya ungo wetu bila kutuambia neno.

Kadiri mikono ilivyochagua, midomo ilipanga. Pale mkekani ndipo ilipoamuliwa wageni wa Mombasa walale nyumba gani, maji ya kisima yachotwe na nani alfajiri, na kina nani watapita nyumba kwa nyumba kualika, kwa sababu kwetu mtu hakuhesabu amealikwa mpaka aitwe kwa mdomo mlangoni pake. Pale pale ulimalizwa ugomvi wa majirani wawili waliokuwa hawasemezani. Shangazi aliwaweka ungo mmoja. Hakuwahubiria. Mpaka adhuhuri walikuwa wanabishana kuhusu chumvi ya pilau, na anayebishana na mwenzake ameshazungumza naye.

Ndani, dada alikuwa ametawishwa. Hakutoka nje, hakupigwa na jua, na chumbani aliingia somo yake na wakubwa wachache. Mafunzo yao hayakutuhusu sisi wasichana wadogo, na hatukuuliza. Kazi yetu ilikuwa kinu. Tulitwanga singo: maua ya waridi, asumini, mlangilangi, mrehani, karafuu na liwa, mpaka vikashikana. Bibi mwenyewe aliisaga liwa ya usoni juu ya msio, lile jiwe la mviringo, kwa matone ya marashi ya waridi aliyoyaleta shangazi. Alizungusha kijiti cha liwa taratibu mpaka maji yakawa uji mzito wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Usiku wa hina mikono ya dada iliwekwa juu ya mto, na mchoraji akaanza na kidole kidogo. Dada alikuwa amechoka, amepauka kwa kukaa ndani, na sijamwona mzuri kama siku ile.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ulikuwa wa wapishi. Masufuria makubwa yaliazimwa msikitini, mafiga yakapangwa nyuma ya nyumba, kuni za mwembe zikawashwa. Mpishi mkuu alikuwa fundi seremala wa mtaani, mtu ambaye kwa shughuli hizi hakupokea ujira wowote. Alipima wageni kwa mchele: kilo moja, watu wanane, na sufuria moja zaidi kwa wapita njia. Vitunguu vilipokaangwa na bizari kutiwa, moshi wake ulitangaza harusi mtaa wa tatu. Pilau ilipokaribia kukauka alifunika na kupalia makaa juu ya mifuniko, kisha akavuta kiti akakaa kuyalinda mpaka alfajiri.

Harusi yenyewe ilipita upesi, kama zipitavyo zote. Nikaha ilisomwa msikitini baada ya alasiri, watu wakala sinia kwa sinia, vigelegele vikapigwa, akina mama wakacheza mpaka usiku kwa nyimbo za Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoufanya mji wetu uwe mji wa taarab. Chakula kilitosha. Mama alipoambiwa kwamba kimetosha na kimebaki, alikaa chini kwa mara ya kwanza siku ile, akalia.

Mwezi mmoja baadaye, bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa tena pole pole. Kuna waliomwambia mama kwamba angengoja kidogo tu angepata kila kitu. Yeye alijibu kwamba kila kitu alikuwa nacho.

Binti yangu ameolewa Dar es Salaam kwa taratibu za siku hizi: kamati, kundi la WhatsApp, ahadi, michango kwa simu, ukumbi, mshereheshaji. Sioni haya ya kusema kwamba michango ile ilinisaidia sana, na siungani na wanaosema vijana wa leo hawajui ujamaa. Nyumba za kupanga hazina uani wa kutandika mikeka, kazi za mjini hazitoi ruhusa ya kuchagua mchele, na mchele wenyewe hauna mawe. Fedha zinafanya leo kazi iliyofanywa na vikombe vya sukari.

Ila kwenye kikao cha kwanza cha kamati niliomba jambo moja, na nililisimamia: kila kijana wa ukoo apewe kazi yenye jina lake. Vijana wa kiume wakapita kwa miguu kuwaalika wazee wasio na simu za kisasa. Wasichana wakakaa na bibi harusi siku ya hina, mmoja akiwa na kazi ya kumlisha kwa kuwa mikono imepakwa. Mwingine alipewa wageni kutoka Tanga na Mombasa, awajue kwa majina na ajue kila mmoja ni nani kwake. Mpaka leo kijana huyo na watu wa Mombasa wanapigiana simu, na alipofiwa na baba yake walikuja.

Nasema haya kwa sababu nimeona pande zote mbili. Mtu aliyetoa fedha peke yake huingia harusini akiwa mgeni, hula, hushukuru, huondoka. Aliyepewa kazi huingia akiwa mwenyeji, na uenyeji huo hubaki naye shughuli ikishaisha. Mzazi mwenye harusi asimwonee kijana huruma kwa kumwacha akae na simu yake. Ampe ungo.