Milimita Nane

Watu wa Pemba huuita msumeno wa moto. Bara wengi husema chenso, lakini jina la Pemba naliona ndilo lililoieleza mashine yenyewe. Msumeno ni ule ule wa kale, wenye meno ya kutafuna mti. Kilichozidi ni moto, uliofungiwa ndani ya silinda ya alumini na kulazimishwa kufanya kazi ya mabega ya watu wawili. Ami yangu amezijua kazi zote mbili. Ujanani alipasua mbao juu ya shimo, yeye juu ya gogo na mwenzake chini, unga wa mti ukimwingia yule wa chini machoni, na msumeno mrefu ukipanda na kushuka baina yao. Baadaye alishika mashine, akaenda nayo Tanga na vitongoji vyake. Husema mashine ilimwondolea maumivu ya mgongo, ikampa ya masikio.

Mashine hiyo ni Stihl 070. Kampuni aliyoiasisi Andreas Stihl mjini Stuttgart mwaka 1926 ilitoa, mwaka 1959, msumeno ulioitwa Contra, ambao mnyororo wake ulizungushwa na krenki moja kwa moja bila ya kupitia gia. 070 ni wa ukoo huo: mzito, wa sauti nene, usio na haraka, na wenye subira ya kustahimili petroli chafu na fundi asiye na kitabu. Kwa sababu hizo ulipendwa na wapasuaji wa Afrika Mashariki, na nchi nyingine za misitu minene, muda mrefu baada ya Ulaya kuhamia kwenye mashine nyepesi. Ami alipokuja Maskati miaka ya 1980, kuungana na ndugu waliotangulia, aliufunga ndani ya sanduku la mbao pamoja na masufuria. Bibi alimcheka. Mtu anahamia nchi ya majabali na jangwa na msumeno wa miti?

Kicheko cha bibi kilikuwa na historia ndani yake. Kwa karne nyingi Oman imekuwa ikiingiza miti, haikuwa ikiikata. Nyumba kongwe za pwani hii ziliezekwa kwa boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, zilizoletwa na majahazi wakati wa kusi, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Msaji wa kuundia vyombo Sur ulitoka Malabar. Kwa hiyo msumeno wa ami uliokuja Bawshar ulikuwa kama mvuvi aliyehamia Dodoma. Ulikaa stoo. Mara moja moja ulitolewa kukata mtende uliokufa, kazi ambayo hata haiupendezi mnyororo, maana mtende ni nyuzi na mchanga kuliko mti.

Kilichoutoa stoo safari hii ni mwembe.

Bibi aliupanda nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, kwa kokwa ya boribo iliyokuja ndani ya mfuko wa mtu. Bawshar ya zamani, kabla ya kufikiwa na barabara kubwa na majengo ya vioo ya Al Khuwair na Ghubra, ilikuwa ni mashamba ya mitende yaliyonyweshwa na mifereji ya falaji kutoka chini ya jabali, na mwembe uliona raha. Uliishi kuliko aliyeupanda. Halafu, miaka miwili iliyopita, tawi moja likakauka na majani yake yakabaki yameganda palepale bila ya kuanguka, utomvu wa rangi ya kahawia ukaanza kutoka shinani, na kabla ya mwaka kwisha mti wote ulikuwa umekauka vivyo hivyo.

Anayelima maembe Oman anaijua dalili hiyo. Ugonjwa ulionekana Batina mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2007 wataalamu wakaupa jina kuvu wanaoambatana nao: Ceratocystis manginecans. Kuvu huziba mishipa ya mti, nao hubebwa na mdudu mdogo wa gome, mdogo kuliko punje ya mchele, anayetoboa mti mgonjwa kisha akaruka kwenda kwa mzima. Jirani yetu ana miembe miwili mizima. Mti uliokufa ukisimama, mdudu anaendelea kuzaana ndani yake. Kwa hiyo kuukata haikuwa jambo la kujadili, na matawi na magome yalipaswa kuchomwa pale pale, yasitoke nje ya ua. Lililobaki kujadiliwa lilikuwa gogo.

Ami hakutaka gogo lichomwe. Unguja na Pemba mwembe ni mti wa mtumbwi na ngalawa. Yeye mwenyewe ameangusha miembe kwa ajili ya wachonga vyombo. Kuona gogo la mwembe lenye upana wa sentimita 70 likigeuzwa mkaa aliona ni ufedhuli. Alitaka lipasuliwe mbao, na alitaka lipasuliwe na mashine yake. Ami ameshapita miaka 80. Sikuhitaji kuelezwa kwamba hakutakuwa na gogo jingine.

Hapo ndipo ilipoanza hadithi ya silinda. Tulipoifungua mashine tulikuta ringi imegandana na pistoni kwa masizi, na ukuta wa silinda umechubuka upande wa mlango wa moshi, michirizi inayoingia ukucha. Mashine ya aina hii haina vali. Pistoni yenyewe ndiyo bawabu. Ikipanda hufungua tundu la chini linaloingiza petroli na hewa ndani ya kifuko cha krenki. Ikishuka hufungua tundu la kutolea moshi na tundu za kupandishia mchanganyiko mpya. Ami huyaita matundu haya mlango wa pumzi na mlango wa moshi, majina ambayo sijayaona katika kamusi yoyote na ambayo nayapendelea kuliko yote niliyoyasoma. Ukuta uliochubuka huvujisha mkandamizo, na mashine isiyobana haina nguvu. Silinda mpya ilikuwa lazima.

Swali likawa silinda gani. 070 ina kaka yake, 090, na siri inayojulikana kwa mafundi wa misumeno ni kwamba hawa wawili ni mwili mmoja wenye vichwa viwili. Krenki yao ni moja, mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 40. Kinachowatofautisha hasa ni silinda, pistoni na kabureta. Kipenyo cha silinda ya 070 ni milimita 58, cha 090 ni milimita 66. Milimita nane zinaonekana si kitu, ni unene wa penseli. Lakini ujazo hukua kwa mraba wa kipenyo: piga hesabu na utaona 070 inavuta sentimita za ujazo 106 kwa kila pigo, na 090 inavuta 137. Ongezeko linakaribia thuluthi nzima, kwa unene wa penseli.

Nami nilikuwa na sababu ya kulitaka ongezeko hilo. Kuukata mti kwa kuukingama ni kazi ya dakika. Kuupasua kwa urefu ni kazi nyingine kabisa: kila jino linakutana na ncha ya kila uzi wa mti, upana wote wa gogo umo ndani ya mnyororo kwa wakati mmoja, na injini inabanwa koo dakika kumi, kumi na tano, bila ya kupumua. Maskati joto la hewa ni adui wa pili. Hata wakati wa baridi jua la saa nne linauma, na silinda inayopozwa kwa upepo wa feni yake tu haina pa kupeleka joto lake. Mashine kubwa inayofanya kazi kwa wastani hupata moto kidogo kuliko ndogo inayokabwa hadi mwisho.

Ami hakukubali. Hakuwa na hoja ya kiufundi, na nadhani ndiyo maana hoja yake ilinishinda kwa siku kadhaa. "Mwanangu," aliniambia, "ukishaupa moyo wa mwenzake, huo si msumeno wangu. Utaukata mwembe wa mama yangu kwa mashine ya watu."

Ningeweza kumjibu kwa ile mizaha ya wanafalsafa kuhusu jahazi lililobadilishwa mbao moja moja. Sikumjibu, kwa sababu ami ni mtu aliyebadilishwa mengi: pasi, anwani, lugha ya kuombea kazi, hata jina lake lilivyoandikwa na kila karani aliyemkalia mbele. Mashine ile ilikuwa ni kitu kimoja kilichovuka bahari bila ya kuulizwa kitu. Kumwambia kwamba chuma hakina nasaba lingekuwa jambo la kweli na la kijinga.

Kilichomgeuza kilikuwa kifuko cha krenki chenyewe. Tulikipeleka kwa fundi wa mashine za bustani, Ghala, mtu wa Kerala, ambaye alikuwa na 090 iliyokufa kwenye rafu. Akaiweka kando ya yetu. Ami aliishika, akaipitisha mikono kama anavyotambua kitambaa, akazungusha krenki ya moja kisha ya nyingine, akapima kwa shubiri umbali wa bolti nne za kufungia silinda. Hakusema neno. Mimi na fundi tulikuwa tukisemezana kwa Kiarabu kibovu cha sokoni. Nilichokiona ni kwamba maneno matupu ya kazi hayakuhitaji mkalimani: pistoni, ringi, gaskiti, kabureta, kila mmoja alimwelewa mwenzake, kwa sababu sote tumekopa duka moja. Ami alipotaka kuuliza juu ya mlango wa pumzi ndipo tuliponyamaza wote, akalazimika kuonyesha kwa kidole. Mwishowe akasema, "Basi si moyo wa mtu baki. Ni kanzu ya kaka." Tukanunua silinda mpya ya 66, yenye vali ndogo ya kupunguzia mkandamizo wakati wa kuwasha, pistoni yake na kabureta inayoifaa.

Kazi yenyewe ilichukua wiki tatu za jioni, na sitaieleza yote. Sili za krenki tulibadilisha kabla ya kingine chochote, kwani oili ya mashine hizi husafiri ndani ya petroli: sili ikivuta hewa, petroli hupungua, oili hupungua nayo, na pistoni mpya huungua siku ya kwanza. Tulijaza upepo ndani ya kifuko, tukapaka povu la sabuni, tukangoja kama kutaota pofu. Hakukuota. Platini zilisafishwa. Ringi tuliiingiza peke yake ndani ya silinda kwanza, tuone mwanya wa ncha zake, kisha tukaiondoa na kuivisha pistoni. Kipande cha risasi ya kuchomelea kilipitishwa kwenye tundu la plagi, krenki ikazungushwa, kikatoka kimelazwa bapa lakini hakikukatika. Hiyo ndiyo hati kwamba pistoni haigongi paa. Mambo haya ami aliyafanya kwa kusema na mimi kwa mikono, kwani vidole vyake sasa vinatetemeka na haviwezi kuianzisha nati ndogo. Alichojiwekea mwenyewe ni tupa. Mnyororo wa kukingama hunolewa jino likiwa pembe ya digrii 30 hivi. Wa kupasua hushushwa mpaka karibu 10. Aliunoa jino baada ya jino, ameegemeza kiwiko gotini ili kutuliza mkono, mapigo matatu kila jino, akihesabu kwa sauti.

Tuliiwasha alfajiri moja ya Novemba, kwa mchanganyiko mzito wa mililita 40 za oili katika kila lita ya petroli. Anayesahau kubonyeza ile vali ndogo huvutwa na kamba mpaka bega limuume. Mashine ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikashika sauti yake. Sauti ilikuwa nene kuliko zamani. Nilimtazama ami. Alikuwa amezima kifaa chake cha masikio, na kiganja chake kilikuwa juu ya meza ya chuma akisikiliza mtetemo.

Mwembe ukaangushwa, matawi na magome yakachomwa ndani ya shimo uani. Gogo tulilifungia fremu ya chuma ya kuongozea na tukapasua asubuhi nne, kuanzia alfajiri mpaka jua lilipofika ukutani. Zilitoka mbao kumi na moja. Ndani ya kila moja mlikuwa na michirizi myeusi inayokwenda kama wino uliomwagika, njia alizopita kuvu. Mtoto wa binamu yangu, anayesoma kwa Kiingereza na kucheza kwa Kiarabu, alisema ni nzuri. Ami alisema ni ugonjwa. Wote wawili walikuwa wakitazama ubao mmoja, na sikuona haja ya kuwapatanisha.

Mbao zimepangwa stoo, vijiti vya kupitisha hewa baina yao, ncha zimepakwa rangi ili zisipasuke kwa ukavu wa hapa. Zitahitaji mwaka au zaidi. Ami ameandika kwa chaki kwenye kila ncha hesabu yake, moja mpaka kumi na moja, kwa maneno ya Kiswahili badala ya tarakimu, na kila wiki huingia kuzigeuza zile anazoweza kuzinyanyua. Silinda ya zamani ameizuia isitupwe. Wiki iliyopita alikuja mtu wa Azaiba, amesikia mlio, ana miti miwili iliyokauka na anauliza bei. Ami akamtajia bei ya Tanga ya mwaka 1979, akaibadilisha kichwani kuwa riali, na tangu hapo tunabishana naye kuhusu petroli.