Siku Moja Nyuma

Ukiiuliza kompyuta Tanganyika ilikuwa imetangulia saa ya Greenwich kwa kiasi gani mwaka 1955, jibu hutegemea lugha ya programu unayotumia. Moja itasema saa tatu kamili. Nyingine itasema saa mbili na dakika 45.

Hizo dakika 15 zilimgusa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Mwadui. Anafuatilia mafao yake, akaja kuomba cheti cha ubatizo katika parokia moja ya huku Shinyanga ninakosaidia likizo kunakili daftari za zamani. Daftari linasema wazi: alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1955. Cheti kikatoka na tarehe 9. Tarehe ya kuzaliwa nayo ilirudi siku moja nyuma, ikapishana na kitambulisho chake cha taifa. Tulipokagua, tukakuta waliozaliwa au kubatizwa kuanzia 1948 hadi 1960 ndio walioathirika. Wa kabla na wa baada yao wako salama.

Wengi hulaumu kompaila. Kwa kweli shida iko katika orodha ya kanda za saa ambayo kila lugha huitumia. Java hubeba nakala yake yenyewe. Python kwa kawaida huazima ya mfumo wa kompyuta. JavaScript hutegemea kivinjari. Orodha za zamani ziliipa Tanganyika saa mbili na dakika 45 kwa miaka ileile, 1948 hadi 1960. Matoleo mapya yameiunganisha Dar es Salaam na Nairobi, na kwa mwaka 1955 yanasema saa tatu.

Programu ya kuingiza kumbukumbu, yenye orodha mpya, iliichukua Pasaka kuwa saa sita kamili usiku, ikatoa saa tatu, ikahifadhi saa tatu usiku ya Greenwich. Programu ya kuchapa vyeti, yenye orodha ya zamani, ikaongeza saa mbili na dakika 45 tu. Ikaangukia saa sita kasorobo usiku, Jumamosi Kuu. (Angalau walimwacha ndani ya Mkesha!)

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, anahangaika na wakati ni nini. Mimi nahangaika na dogo zaidi: nani aliiambia programu kwamba siku ya ubatizo ina dakika? Padre aliandika siku, hakuandika saa. Mchimbaji wa zamu ya usiku kule Geita anayeingia kazini tarehe moja na kutoka nyingine, huyo anahitaji saa na dakika, maana analipwa kwa saa. Bibi zetu hutenganisha mambo haya bila shida: mtoto alizaliwa usiku wa kuamkia Jumapili, basi. Na hata hiyo saa tatu ni makubaliano tu. Jua la Shinyanga hufika utosini yapata dakika 45 baada ya saa sita mchana.

Java ina aina ya tarehe tupu, isiyo na saa wala ukanda, tangu toleo la 8 la mwaka 2014. Python nayo inayo. Tumeihamishia safu ya ubatizo na ya kuzaliwa huko, na sasa tunalinganisha kila jina na daftari, ukurasa kwa ukurasa. Mzee ameshapata cheti kingine. Tumefika mwaka 1953.