Kalenda ya Majilio ya Raku: Kutoka Vidokezo hadi Hadithi

Kalenda ya Majilio ya lugha ya Raku ni mfululizo wa makala fupi zinazotoka kila Desemba, moja kwa siku, kuanzia tarehe 1 hadi Krismasi inapofika. Kila makala huchukua kipengele fulani cha lugha hiyo ya kompyuta na kukifafanua, mara nyingi kwa kisa cha Baba Krismasi na wasaidizi wake wa Ncha ya Kaskazini. Umbo hilo limetoka Ujerumani, ambako Walutheri wa karne ya 19 walizoea kuhesabu siku za kungoja Noeli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gerhard Lang wa München alianza kuchapisha kalenda za aina hiyo, na baadaye zikawekewa vidirisha ambavyo mtoto hufungua kimoja kila siku.

Kwa waandaaji wa programu, desturi hii ilishika mizizi mwaka 2000, Mark Fowler alipoanzisha kalenda ya Perl, lugha iliyobuniwa na Larry Wall mwaka 1987. Makala zake zilikuwa vidokezo vya kikazi: moduli fulani, kazi yake, na mistari michache ya msimbo. Hakukuwa na haja ya zaidi ya hayo, maana Perl ilikuwa inatumika kila mahali na msomaji alitaka kitu cha kumsaidia asubuhi hiyohiyo.

Julai ya mwaka huohuo, huko Monterey, California, mwana-Perl Jon Orwant alirusha vikombe vya kahawa ukutani katika kikao cha wana-Perl ili kuwaamsha wenzake, kwa kuwa aliona Perl imedumaa. Punde baadaye ikatangazwa Perl 6, lugha itakayoandikwa upya tangu msingi, ambayo leo inaitwa Raku. Mapendekezo 361 yakapokewa, na miaka ikapita. Mwaka 2005 Audrey Tang alianza kuiunda kwa lugha ya Haskell katika mradi ulioitwa Pugs, na moyo wa watu ukarudi. Hata hivyo, kila walipoulizwa itakamilika lini, wahusika walikuwa na jibu moja: itatoka Krismasi. Krismasi ya mwaka gani, hawakusema.

Kalenda ya kwanza ya Perl 6 ilitoka Desemba 2009 ikiwa na mzaha huo mgongoni. Makala ya kwanza haikuwa na hadithi yoyote. Ilieleza namna ya kupata Rakudo, kompaila ya Perl 6, na kuisimika. Zilizofuata zilikuwa na kazi ya ushahidi. Zilionyesha kwamba jambo hili limeshaanza kufanya kazi, na lile pia. Watu walikuwa wameahidiwa lugha kwa karibu muongo mzima, kwa hiyo mistari mitano inayokubali kuendeshwa ilikuwa na uzito zaidi kuliko maelezo matamu.

Toleo rasmi lilipatikana tarehe 25 Desemba 2015, likapewa jina 6.c, herufi c ikisimamia Krismasi kwa Kiingereza. Lililofuata, 6.d, lilitoka Novemba 2018 na kupewa jina la Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Baada ya toleo la 2015 kalenda haikuwa tena na sababu ya kuthibitisha kwamba lugha ipo. Visa vya Baba Krismasi, vilivyokuwa vikichomoza hapa na pale, vikaongezeka, kwa kuwa swali la msomaji lilikuwa limebadilika: sasa alitaka kujua kipengele fulani kina faida gani.

Seti ni mfano mzuri. Maelezo ya kitabu husema kwamba alama (-) hutoa tofauti ya seti mbili, na msomaji hupiga miayo. Lakini mpe ofisi ya zawadi yenye orodha ya watoto wote na orodha ya watundu, kisha mstari huu:

say set(<Asha Juma Neema>) (-) set(<Juma>);

Wanabaki Asha na Neema, na hakuna kitanzi kilichoandikwa. Barua zinazoomba vitu vilevile huingizwa katika Bag, aina inayohesabu kila kitu kimejirudia mara ngapi, na ghala hujua idadi ya mipira ya kutengeneza. Umbo la barua yenyewe, yaani jina, umri na ombi, huchambuliwa kwa sarufi, kipengele ambacho huenda ndicho fahari kubwa ya Raku.

Hesabu nazo zina kisa chake. Katika lugha nyingi 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, kwa sababu desimali hizo hazina umbo kamili katika namba za msingi wa mbili, na mwishoni hutokea 4 ya ziada mbali sana baada ya nukta. Raku huhifadhi desimali za kawaida kama sehemu: moja ya kumi jumlisha moja ya tano ni tatu za kumi, basi. Anayegawa peremende kwa gramu haoni kasoro yoyote.

Si kila hadithi hufaulu. Katika nyingine wasaidizi wa Baba Krismasi ni pambo tu. Ukiwaweka makarani wa benki mahali pao, msimbo haubadiliki hata herufi. Hadithi huzaa matunda pale tatizo linapozaliwa na kazi yenyewe. Barua zinazomiminika bila kukoma, kwa mfano, zinahitaji react na whenever, maneno yanayoiwezesha programu kushughulikia kila tukio linapoingia.

Desemba 2015 pia ndipo Eric Wastl alipoanzisha Advent of Code, mafumbo ya hadithi kama hizo yasiyofungwa na lugha yoyote. Baadhi ya waandishi wa Raku wamekuwa wakiyafumbua kwa lugha yao.

Jina Raku lilipitishwa Oktoba 2019, Larry Wall akiridhia kwa kutaja mfano wa Injili wa divai mpya na viriba vikuukuu. Makala za zamani bado zinabeba jina la Perl 6. Baadhi ya mifano yake haitoi tena matokeo yaleyale, kwa sababu utaratibu wa orodha ulifumuliwa na kuundwa upya mwaka 2015, miezi michache kabla ya 6.c.