Gari Linazeeka, Bima Inapanda

Mama yangu hapendi kuelezwa jambo la fedha kwa maneno ya jumla. Kwa miaka 11 amekuwa mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu Tabata, na anachotaka ni hesabu iliyoandikwa. Kwa hiyo Juni 2024, karatasi ya kuhuisha bima ya gari lake ilipokuja na shilingi 619,500, wakati mwaka uliotangulia alilipa 429,520, hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, gari linazeeka, bima inapandaje?"

Gari lenyewe ni Toyota IST. Kila siku ya kazi linabeba hotipoti za wali na ndoo za mchuzi kutoka jikoni kwake hadi maofisini Posta. Alilinunua kwa mkopo wa SACCOS, na wakati ule alikuwa amebakiza deni la milioni nne. Gari likifa, deni halifi nalo.

Nilikaa na karatasi mbili, ya zamani na mpya, nikakuta majibu matatu.

La kwanza ni thamani. Bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na sisi tulitozwa asilimia 3.5. Mwaka 2023 gari liliandikwa milioni 13. Safari hii wakala aliandika milioni 15. Gari lilikuwa limezeeka kweli, lakini bei yake sokoni haikushuka. Magari haya huagizwa Japani kwa dola, na dola iliyokuwa kwenye shilingi 2,330 hivi mwanzoni mwa 2023 ilikuwa imeshapita 2,600. Yanayotoka bandarini yakipanda bei, hata yaliyoko mtaani yanapanda. Taa na bampa vilevile.

La pili ni punguzo. Mwaka 2023 mama alikuwa na punguzo la asilimia 20 kwa sababu alikaa miaka bila kudai fidia. Oktoba mwaka huo bodaboda aligonga taa ya mbele akatokomea. Fundi alitaka 280,000. Mkataba ulimtaka mama abebe 100,000 za kwanza, kampuni ikalipa 180,000. Punguzo likafutwa. Kwa gari la milioni 15, punguzo hilo lingekuwa 105,000, na ukiweka kodi yake ni 123,900, kwa mwaka mmoja tu. Kulirudisha ni kupanda ngazi upya, mwaka baada ya mwaka. Mama aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

La tatu ni VAT ya asilimia 18, inayokaa juu ya yote. Chochote kilicho chini yake kikipanda, nayo inapanda.

Tukampigia wakala kuomba atupunguzie. Akasema baada ya mvua za mwaka ule madai yalikuwa mengi, na kampuni haitoi tena punguzo la hisani. Nilidhani mama atakasirika kulipia magari ya wengine. Akasema, "Hilo nalielewa." Mwaka 2021 misiba ilipofuatana, ni yeye aliyesimama mbele ya wanachama kuwaambia mchango unapanda kutoka 5,000 hadi 10,000 kwa mwezi. Waliokuwa hawajafiwa walinung'unika. Sanduku lilikuwa moja.

Mdogo wangu alikuja na mapendekezo mawili. La kwanza: tukate bima ndogo, 118,000 pamoja na kodi. Trafiki akiingiza namba ya gari kwenye simu, ataona lina bima. Ni kweli. Lakini bima ndogo inamlipa uliyemgonga, hailipi gari lako. Jirani yetu alikuwa nayo, maji yakaingia kwenye gari lake mpaka kwenye dashibodi. Mpaka leo limekaa juu ya mawe, na stika yake ilikuwa hai siku ile.

La pili lilikuwa na utamu zaidi. Tubaki na bima kubwa, tuandike thamani milioni 10, na kwenye matumizi tuandike binafsi kama ilivyokuwa. Ada inashuka hadi 413,000. "Nani atajua?" aliuliza. Simlaumu. Shilingi 206,500 zilizookolewa ni mchele wa siku nyingi pale jikoni, na ni yeye anayeamka saa kumi alfajiri kuupakia.

Mama alimjibu kwa habari za kikundi chake. Kule kila mwanachama huandikisha watu wake: wazazi, wakwe, watoto, na mchango hufuata idadi. Kuna mama mmoja aliyeacha kumwandika mama mkwe wake ili apunguze. Mkwe alipofariki, kikundi kilileta turubai na viti, watu wakalala matangani, lakini fedha hazikutoka. "Mimi ndiye niliyeshika daftari," mama alisema. "Nilimpenda, lakini jina halikuwepo."

Nikawasomea mkataba. Gari la milioni 15 likiandikwa milioni 10, limekatiwa bima theluthi mbili. Likiharibika kwa milioni tatu, kampuni inahesabu milioni mbili, kisha inaondoa sehemu unayobeba mwenyewe. Na likikutwa na hotipoti 20 za wateja ilhali limeandikwa binafsi, dai lote linaweza kukataliwa. Mdogo wangu akanyamaza.

Tukaanza upya kwa kusema ukweli. Tulipoandika biashara, kiwango kikawa asilimia 4.25, na jumla kwa milioni 15 ikafika 752,250. Hapo ndipo tulipoanza kupunguza. Tulizunguka yadi za magari kuulizia IST za mwaka ule ule zilizotembea kama letu, tukapata bei ya milioni 14, kwa kuwa ile 15 wakala aliikadiria kwa macho. Tulifunga GPS. Gari lililokuwa likilala barabarani tukaliombea nafasi ndani ya geti la jirani. Kisha tukaenda kwa dalali wa bima, anayefanya kazi na kampuni zaidi ya moja, akatuletea bei tatu. Moja ilitupa punguzo la asilimia 10 kwa ajili ya GPS na geti.

Alitushauri pia mama akubali kubeba 300,000 za kwanza badala ya 100,000, ada ishuke zaidi. Mama alikataa. Hiyo ni nafuu ya mwenye akiba. Yeye akipata ajali Jumatatu, Jumanne hana 300,000 za kumpa fundi.

Mwisho alilipa 631,890. Mdogo wangu alicheka sana: wiki mbili za kuhangaika, na tumelipa 12,390 zaidi ya karatasi ya kwanza. Lakini karatasi ile ilikuwa ya gari jingine, IST inayoenda kanisani na sokoni tu. Hili linalobeba wali hadi Posta halikuwa na bima hata siku moja kabla ya hapo, ingawa mama alikuwa akililipia kila mwaka.

Agosti bajaji ilikwaruza mlango wa nyuma. Mdogo wangu alitaka kupiga simu kwa dalali. Mama alimwita fundi wa rangi, wakapatana, akalipa mwenyewe. Jioni alifungua daftari lake la matumizi, akaandika: mlango, 40,000. Chini yake akaongeza kwa herufi ndogo: punguzo lipo.