Ile Haiko Usingizi

Ndugu wanafunzi, kope ya juu haijiinui yenyewe: ni musuli mudogo unaoivuta. Kuna watoto wanaozaliwa musuli huo ukiwa zaifu, basi jicho moja linabaki nusu wazi hata mutu akilala masaa kumi. Hiyo haiko usingizi, wala si bangi kama wengine munavyosema.

Mimi kapita naombwa kila jioni, saa ya etidi, niandike jina la mudogo wetu mumoja kati ya wenye kusinzia. Sitaliandika. Tena munasema ana kiburi sababu anainua kidevu. Anatafuta njia ya kuona ubao chini ya kope! Mumupishe akae mbele.

Munganga wa macho anaweza kukaza musuli ule kwa operesheni. Kope ikifunika mboni ya mutoto mudogo, wazazi wasikawie, kwani jicho lisilotumika utotoni linaweza kubaki zaifu hata kope ikikazwa baadaye.

Lakini kope zikishuka kwa gafula, ni jambo ingine. Mutu akiumwa na koboko, kope kulegea inaweza kuwa alama ya kwanza, kisha sumu inashika misuli ya pumzi. Hapo musingojee: abebwe hospitali palepale, bila kukata jeraha wala kufyonza damu.