Kilo 23 kutoka Kawajense

Wadau, nimerudi chuo salama. Mlioona kimya, nilikuwa nyumbani kwenye msiba wa bibi, mzaa mama. Asanteni kwa pole zenu, na mlionitumia picha za madesa Mungu awabariki. Kwenda nilikwenda kwa basi. Wakati wa kurudi kaka yangu mkubwa akapiga hesabu, akaona testi ya Jumatatu itanipita, akanikatia tiketi ya ndege. Ndiyo mara yangu ya kwanza, lakini leo siongelei mawingu. Naongelea mzigo.

Kwetu Kawajense mtu haondoki mikono mitupu. Basi lina buti na buti halina mizani, unaelewana na konda gunia linaingia. Treni ndiyo usiseme. Reli yetu, ile inayochepuka Kaliua kuja Mpanda, ililetwa na Mwingereza karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Yaani toka mwanzo ni reli ya vitu vizito, na sisi tumerithi tabia yake. Ukimwona mtu wa Mpanda anashuka Tabora na kibegi kimoja, muulize kama ameibiwa.

Sasa tiketi inasema kilo 23 za begi la chini na kilo 7 za mkononi, basi. Mama akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Ishirini na tatu pamoja na wewe mwenyewe?" Watu wakacheka, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka pale nyumbani tangu tutoke makaburini.

Ikabidi nitoe lekcha (msisahau mimi ni mwalimu mtarajiwa wa fizikia na hesabu). Ndege niliyokatiwa ni hizi za mapangaboi, Dash 8 Q400, inabeba abiria 76. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mchana jua likiwaka hewa inatanuka, inakuwa nyepesi. Mbawa zinashika hewa kidogo, kwa hiyo ndege inatakiwa ikimbie zaidi ndiyo inyanyuke. Mafuta, abiria, mabegi, vyote vinapigiwa hesabu. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, kwa hiyo wanene walipe nauli mbili. Nikaachana naye.

Mzigo wenyewe ulikuwa umeshapangwa ukutani: mchele wa Mpimbwe kilo 10, karanga, maharage, migebuka mikavu imefungwa kwenye gazeti, na asali. Hiyo asali ndiyo habari yenyewe.

Bibi alikuwa muuza asali. Alikuwa anachukua kwa warina asali wa upande wa Inyonga, anachuja mwenyewe, anauza kwa chupa pale pale nyumbani. Madaftari yangu ya sekondari yalitoka kwenye zile chupa, na likizo kazi yangu ilikuwa kumshikia chujio. Ukitikisika kidogo tu unasikia, "We mtoto, unacheza ngoma?" Aliacha dumu moja la lita 20 alilolichuja kabla hajaanza kuumwa. Matanga yalipoisha mama akaligawa mbele ya watu wote: lita 10 za mshika chujio, zilizobaki wajukuu wengine wagawane. Hakuna aliyepinga, ingawa binamu yangu mmoja alikohoa kidogo.

Tatizo ni kwamba asali si maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya asali inafika karibu kilo moja na nusu kasoro kidogo, tuseme 1.4. Lita 10 ni kilo 14 hapo hapo. Begi lenyewe tupu ni kilo 3. Zinabaki 6 za maisha yangu yote.

Nikafikiria kuibeba mkononi. Lakini tangu 2006, ilipogunduliwa njama kule London ya kulipua ndege kwa vimiminika, wakaguzi hawana mchezo na kitu chochote cha majimaji. Safari za kimataifa ikawekwa mililita 100 kwa kila chombo, na asali inahesabiwa humo humo pamoja na jamu na losheni. Yangu ilikuwa safari ya ndani, ila sikutaka kujaribu bahati halafu asali ya bibi iishie kwenye pipa mlangoni.

Mama akaenda kuazima mizani ya kuning'iniza, hizi wanazopimia mahindi. Jamani, yule mama anajua kilo kuliko mimi ninayesomea! Akaitundika kwenye mwembe, akawa ananing'iniza kitu kimoja kimoja. Jinzi yangu moja: "Karibu kilo nzima, mwanangu, unavaa bati?" Ikatoka. Viatu vya ziada vikatoka. Madesa yangu niliyokuja nayo nikayapiga picha kwa simu kurasa zote, makaratasi nikamwachia mdogo wangu afanyie hesabu kwa nyuma. Karanga zikapunguzwa hadi mfuko mmoja. Migebuka akaiondoa bila kupima. Alisema huyu samaki akifunguka huko angani abiria wote watajua ametoka nyumba gani.

Ukabaki mchele. Hapo nilijiandaa kwa ugomvi, maana mchele alikuwa ameutwanga na kuupeta mwenyewe katikati ya msiba, usiku, wageni wakiwa wamelala. Mimi nilitaka tupunguze asali, lita tano zinatosha. Mama hakunijibu. Akauinua mchele, akaurudisha ndani mwenyewe, alipotoka akasema, "Mchele tutakula sisi. Asali ya mama yangu itaondoka yote kama nilivyoigawa." Sikuongeza neno.

Kwa wanaosafiri na asali, zingatieni hili. Niliigawa kwenye madumu mawili ya lita tano, nikakaza vifuniko juu ya nailoni, kila dumu mifuko miwili, halafu nguo kuzunguka. Na kabla ya kufunga nikalibonyeza dumu kidogo. Ndege ikipanda mgandamizo wa hewa unapungua hata ndani, hewa iliyobaki kwenye dumu inatanuka, ikikosa nafasi inasukuma asali nje. Pia pawabenki iweke mkononi, betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye begi la chini.

Uwanjani nilifika nimevaa mashati mawili, sweta na jaketi, jua la Mpanda la mchana, mifukoni kuna chaja, kalkuleta na karanga. Mizani ikasoma 22.8. Dada wa kaunta akaniuliza kuna nini kizito hivyo. Nikasema asali. Akauliza, "Ya kuuza?"

Nilikuwa sijaamua, na swali hilo nimelikalia angani mpaka Dar. Huku nilikuta madumu yamebonyea ndani kama yamekaliwa, kwa sababu niliyafunga kule juu nikayafungulia usawa wa bahari. Hakuna tone lililomwagika.

Pesa ya kula na malazi tunayopewa ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Mnajua wenyewe inavyokwisha. Lita sita nimeshauza hapa hosteli ndani ya siku tatu, na hela nusu nimemtumia mama. Lita mbili ni za chai ya chumba chetu. Mbili bado zimefungwa chini ya kitanda, msiniulize bei.

Hizo sita nilizouza, bibi angekuwepo angeuliza kwanza nimeuza shilingi ngapi, na ningetaja kiasi chochote kile angesema nimepunjwa.